UZI: Sensa za ardhini + setilaiti kuwahi moto wa msitu, tuongee uhalisia bila mbwembwe

KunguruWaData (mwanzisha uzi)

Wakuu salama? Kila msimu wa ukame ukifika zinasambaa picha zilezile za setilaiti, moshi umefunika nusu ya ramani, watu wanakomenti "teknolojia imefika mbali aisee", na mi huwa najiuliza hiyo picha imemuwahi nani, maana moshi ukishakuwa mkubwa kiasi cha kuonekana vizuri kutoka angani ujue huko chini mambo yaliharibika zamani. Nimeona nianzishe uzi tuongelee upande ambao haupigwi picha, sensa, yaani vile viboksi vidogo vinavyofungwa kwenye miti, vinanusa hewa afu vinatuma taarifa kwa redio hadi setilaiti hadi kwa mtu mwenye gari la maji. Ni ndefu, asiyependa kusoma apite tu hakuna ugomvi.

Anza na hesabu hii maana bila hiyo mengine yote yataonekana ushabiki. Chukua moto mpole kabisa, hakuna upepo, hakuna mteremko, unatambaa kwenye majani makavu mita moja kwa dakika kila upande. Baada ya dakika 10 una duara la nusu kipenyo mita 10, eneo ni kama mita za mraba 314, hapo watu wachache wenye koleo na mabomba ya mgongoni wanaumaliza wanarudi zao. Saa moja ikipita ni mita za mraba 11,000 na ushee, hekta moja imezidi. Saa tatu, hekta 10. Yaani muda umekua mara tatu ila eneo limekua mara tisa. Na huo ni mpole. Camp Fire, ule moto mkubwa wa California, Novemba 8, 2018, ilianza alfajiri kwenye laini ya umeme milimani na asubuhi hiyohiyo ikawa ndani ya mji wa Paradise, watu 85 walikufa. Pale upepo ulikuwa unarusha makaa mbele ya moto wenyewe.

Sasa setilaiti. Ziko za aina mbili kwa kazi hii. Za kwanza zimekaa juu mno, kilometa 35,786 juu ya ikweta, zinazunguka sambamba na dunia kwa hiyo hazibanduki, zinatazama upande uleule usiku na mchana. GOES za Marekani zinapiga nchi yao kila dakika 5, Himawari ya Japani inapiga upande wake wote kila dakika 10. Tatizo ni kwamba pikseli moja (nukta ya picha) ya infraredi, yaani mwanga wa joto, ni kilometa 2 kwa 2, na ukienda pembeni mwa dunia inavyoonekana kutoka pale inazidi kutanuka. Za pili zinapita chini chini, kilometa mia kadhaa tu. Kifaa cha VIIRS kina pikseli ya mita 375, MODIS kilometa 1, nzuri zaidi lakini zinapita sehemu moja mara chache kwa siku, na FIRMS, mfumo wa NASA wa kugawa data za moto, kwa sehemu kubwa ya dunia inakupa data ndani ya saa 3 tangu setilaiti ipite. Rudi kwenye hesabu yangu, saa tatu ni hekta 10, na hapo bado hujaweka muda wa kuisubiri setilaiti yenyewe ipite.

Sisemi hazifai, fizikia yake ni tamu sana. Kitu chenye joto la nyuzi 700 hivi kinang'aa zaidi kwenye wimbi la mikroni 3, ardhi ya kawaida inang'aa kwenye mikroni 10, kwa hiyo ukitazama kwenye mikroni 4 moto unachomoza hata kama umeshika kipande kidogo sana cha pikseli. Ila moto unaofukuta chini ya majani yaliyooza, juu yake miti imefungamana, juu ya miti kuna wingu, huo setilaiti haiuoni.

Hapo ndo sensa ya chini inapata kazi. Moto mwingi wa msitu kabla haujatoa mwali unafukuta kwanza, na ukifukuta unatoa hidrojeni, monoksidi ya kaboni na mivuke kibao ya mbao. Kuna chipu kama BME688 ya Bosch, milimita 3 kwa 3, ndani ina kibamba kinachopashwa joto hadi nyuzi mia tatu na kitu, gesi zikigusa ukinzani wake wa umeme unabadilika. Ukipandisha na kushusha joto la kibamba kwa hatua, kila mchanganyiko wa gesi unakupa mchoro wake, afu programu ndogo ndani ya sensa inasema huu mchoro ni moshi wa mbao au moshi wa gari la dizeli. Kampuni ya Dryad ya Ujerumani sensa zao za miti zinatumia njia hii.

Hoja yangu ni hii, kila mtu anabishana pua ipi kali, wakati kinachoangusha miradi hii ni mdomo. Sensa imenusa, sawa, inamwambia nani na kwa njia gani porini ambako simu haishiki? Na ikinyamaza, imenyamaza kwa sababu hakuna moto au kwa sababu imekufa? Karibuni.


FundiMawimbi

Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwenye mdomo umepita kama unakimbizwa, ngoja nishike mimi.

Njia ya kawaida ni sensa kuongea kwa LoRa, redio ya masafa marefu inayokula umeme kidogo, hadi getiwei, yaani kile kiboksi kikubwa kinachokusanya za wenzake, afu getiwei ndo inaongea na setilaiti. Ulaya wanatumia megahezi 868, Marekani 915. Kwenye tangazo utaona kilometa 15, ni kweli ukiwa mlima kwa mlima hakuna kitu katikati. Ingia kwenye msitu mnene majani yamelowa, umbali unaporomoka hadi mita mia kadhaa, ukibahatika kilometa moja au mbili. Maji yaliyo ndani ya majani yanakula mawimbi, na msimu wa kiangazi majani yakikauka unashangaa mtandao umepona wenyewe, kwa hiyo usipime mtandao wako kiangazi ukaridhika.

Watu wanasema aa rahisi, pandisha SF, ile namba ya LoRa inayopangwa SF7 hadi SF12 kuamua ujumbe utandazwe kiasi gani. Ukipandisha SF kweli unafika mbali ila kila hatua ujumbe unakaa hewani karibu mara mbili ya mwanzo. Kijumbe cha baiti kumi na kitu kwa SF7 kinakaa hewani sehemu ndogo ya sekunde, kwa SF12 kinazidi sekunde moja. Ulaya kwenye masafa mengi ya 868 sheria inakupa asilimia 1 ya muda, sekunde 36 kwa saa nzima, gawanya mwenyewe uone una jumbe ngapi.

Afu kuna kitu hakisemwi kwenye maonyesho. Siku za kawaida sensa mia mbili zinapishana vizuri tu kila moja inatuma kwa wakati wake. Siku ya moto sensa kumi na tano zinanusa moshi mmoja dakika ileile na zote zinapiga kelele pamoja, jumbe zinagongana, getiwei inapata takataka. Yaani mtandao unakuwa mbovu dakika ileile uliyoununulia. Dawa yake ni kila sensa isubiri muda wa kubahatisha kabla ya kutuma, irudie mara kadhaa, na jumbe za moto zipewe chaneli yao ambayo taarifa za kawaida haziruhusiwi kuigusa. Haya ni mambo ya kuweka siku ya kwanza sio baada ya mwaka.

Na getiwei isifungwe msituni ndani. Antena ya setilaiti inataka mbingu wazi, mtandao wa setilaiti wa Iridium uko kwenye gigahezi 1.6, miti inauzima. Itafute kilima au uwazi.


Sokomoko_22

swali la kijinga, kwa nini kusiwe na minara ya simu tu, si ndo kila mtu anayo, setilaiti ya nini kwenye kutuma vibaiti kumi


KunguruWaData

@Sokomoko_22 sio la kijinga hata kidogo, ndo swali lenyewe. Sehemu nyingi zinazoungua hakuna mnara kabisa, hilo moja. La pili ambalo ndo linauma, hata penye mnara unaondoka siku unayouhitaji. Portugal, Pedrógão Grande, Juni 2017, watu 66 walikufa, na mtandao wao wa mawasiliano ya dharura wa SIRESP ulikwama katikati ya tukio. Australia ule msimu wa 2019 kuingia 2020 mamlaka yao ya mawasiliano ilichunguza kwa nini minara ilizimika, ungetegemea jibu liwe moto umechoma minara. Sio hivo. Asilimia 1 tu ya matukio ndo moto uliunguza mtambo moja kwa moja, asilimia 88 ni umeme ulikatika. Nguzo za umeme zinaungua huko mbali au shirika la umeme linakata lenyewe kwa tahadhari, betri ya mnara inajitahidi masaa machache afu kimya.

Kwa hiyo getiwei yenye sola yake na modemu ya setilaiti haina cha kutegemea jirani. Njia yake inaenda juu moja kwa moja, kituo cha kupokea kiko nchi nyingine kabisa ambako hakuna hata moshi.


bibi_kamera

Samahani wakubwa lakini naona kama mnazungumzia jambo ambalo limeshapata jibu. California wana mtandao wa ALERTCalifornia, kamera zaidi ya 1,000 juu ya vilima, zinazunguka, zina infraredi ya usiku, na tangu 2023 wanatumia akili bandia pamoja na CAL FIRE, idara ya zimamoto ya California, kutambua moshi kabla hata mtu hajapiga simu. Kamera moja inaona makumi ya kilometa. Sensa moja ya mti inanusa mita mia, labda zaidi upepo ukikubali. Mtafunga sensa ngapi mkamilishe msitu mmoja?


FundiMawimbi

@bibi_kamera dada kamera inataka bomba la data, pale wana mikrowevu na faiba hadi vilimani. Kijumbe cha sensa ni baiti 12. Huwezi pitisha video ya kamera elfu moja kwenye modemu inayobeba baiti 340 kwa ujumbe.


KunguruWaData

Na niongeze hapo, dada bibi_kamera hoja yako ya idadi ni kweli kabisa na ndo inaua ndoto za watu. Ukitaka kufunika msitu mzima kwa sensa kila mita mia utaishiwa hela kabla ya miti. Mtu akija na ramani yenye vidoti vimejaa msitu wote mimi huwa naona hajawahi kuingia msituni na ngazi.

Ila moto hauanzi popote tu. Sehemu kubwa unaanzishwa na watu na vitu vya watu, kwa hiyo unaanzia pembeni mwa barabara, chini ya laini za umeme, kwenye maeneo ya kambi, kando ya mashamba yanayochomwa, reli. Hizo ni mistari na vidoti, sio eneo zima. Funga huko. Msitu wa katikati usio na njia wala nyaya waachie setilaiti na kamera, huko adui mkubwa ni radi, na radi ina mitandao yake ya kuipima, unajua imepiga wapi. Kamera inasubiri moshi upande juu ya miti, ukiwa bondeni nyuma ya kilima haiuoni mpaka umekua. Sensa iko palepale chini. Vinakamilishana, sio mmoja amuue mwenzake. Hata Hawaii baada ya mji wa Lahaina kuungua Agosti 8, 2023 walifunga sensa za moshi pamoja na za upepo, maana siku ile upepo ndo uliokuwa habari kubwa.


MzeeWaBetri

Niaje wakuu. Nimengoja mtu aguse betri nikaona hakuna, nikasema leo ni yangu.

Unaweka kitu chenye lithiamu kwenye mti mkavu, juani, msimu wa joto, ndani ya boksi la plastiki, ili kizuie moto. Fikirieni hiyo sentensi vizuri. Ndo maana baadhi ya watengenezaji, hao Dryad wakiwemo, wameacha lithiamu kwenye sensa za miti wakaweka superkapasita. Haihifadhi nguvu nyingi kama betri lakini inachajiwa mara nyingi mno bila kuchoka na haina tabia ya kuwaka. Inakubana tu kwenye usiku mrefu na siku za mawingu mfululizo.

Shida ni mwanga. Kisola kidogo chini ya miti hakioni jua, kinaona vipande vya jua vinavyotembea. Ukisoma karatasi ya kisola imeandikwa kwa jua kamili la adhuhuri, we unapata asilimia chache za hiyo. Kwa hiyo bajeti yote ya umeme unaijenga kutoka huko chini, sensa inalala muda mwingi, inaamka kila dakika kadhaa, inapasha kibamba, inanusa, inalala tena. Kupasha kibamba ndo kunakula, kuliko hata redio. Na hapo ndo mvutano wa kweli ulipo, ukinusa kila dakika unawahi moto lakini sensa inakufa masika, ukinusa kila nusu saa inaishi vizuri lakini ile hesabu ya mkuu ya mita za mraba inakucheka. Mi napenda inayobadilika yenyewe, hewa ikiwa na unyevu mwingi lala sana, unyevu ukishuka chini na joto likipanda nusa mfululizo. Sensa ina kipima unyevu tayari humo ndani so hulipii kitu cha ziada.

Getiwei ni habari nyingine. Modemu ya Iridium ikitema ujumbe inavuta zaidi ya ampea moja kwa muda mfupi sana, betri ikiwa imechoka au baridi volti zinazama, modemu inajizima, inajiwasha, inajaribu tena, inajizima. Ukifika unakuta boksi linajiwasha na kujizima hadi betri imekauka kabisa. Kapasita kubwa kwenye mlango wa modemu inamaliza hilo tatizo.


nyigu_mkali

Mimi nafanya kazi ya kuzunguka kuzihudumia hizi sensa, naomba niongee kama mtu wa ngazi na bisibisi.

Pua yenu hiyo ina tundu. Lazima iwe na tundu maana hewa iingie. Na kila kitu msituni kinatafuta tundu. Nilifungua boksi moja lililokuwa linalia moto moto moto usiku tu, mchana kimya. Mtu wa ofisini ameshaandika kwenye ripoti kwamba kuna watu wanachoma mkaa usiku. Nimeondoa kifuniko nakuta sisimizi wamejaza chemba ya kipima vumbi, mayai meupe yamebandikwa hadi kwenye lenzi ya leza, jua likizama wote wanarudi ndani, leza inawahesabu kama moshi. Nyigu wa matope wanaziba tundu lote kwa udongo mgumu kama saruji, hapo ni kinyume chake, sensa haisikii kitu na ripoti zake ni safiii, hewa nzuri kila siku. Hiyo ya pili ndo mbaya, ya kwanza angalau inakusumbua.

Wavu mwembamba wa chuma unasaidia lakini wavu unashika vumbi, vumbi linapunguza hewa. Kwa hiyo kuna safari ya kusafisha, hakuna sensa ya kufunga na kusahau hata waseme nini. Na ukungu! Vipima vumbi vya leza vinasoma matone ya ukungu kama moshi, unyevu ukipita asilimia 80 hivi chembe zinanyonya maji zinavimba na namba zinapanda zenyewe. Mwenye kipima vumbi peke yake bila gesi na bila unyevu asiniite alfajiri.


KunguruWaData

@nyigu_mkali umeniletea mfano niliokuwa nautafuta, hiyo ya nyigu. Sensa iliyozibwa inasema kila siku salama. Hiyo ndo hofu yangu kuliko sensa inayolia ovyo.

Ndo maana nasema kimya lazima kipewe maana tangu mwanzo. Kila sensa itume mapigo, nipo hai, betri hivi, gesi hivi, angalau mara moja kwa siku na kila saa siku za hatari. Na kwenye mapigo usiangalie tu kama imetuma, angalia kama namba zinacheza. Hewa ya msitu haikai palepale, asubuhi na jioni zinatofautiana. Sensa ambayo namba zake zimelala kama mstari siku nzima wakati majirani zake wanapanda na kushuka, hiyo imezibwa, mtume mtu wa ngazi.

Watu watasema mapigo yote hayo kwenye setilaiti ni gharama maana unalipia kwa baiti. Hapana, getiwei isipitishe kila kitu kama posta. Ijumlishe. Sensa 200, kila moja biti moja, hai au sio hai, 200 gawanya kwa 8 ni baiti 25. Hali ya msitu mzima iko kwenye baiti 25. Ongeza orodha fupi ya zile zenye namba za ajabu, umebaki mbali sana na baiti 340 za ujumbe mmoja wa Iridium.

Na ujumbe wa moto wenyewe nimeuchora hivi, baiti 12: mbili namba ya sensa, moja joto, moja unyevu, mbili gesi, mbili vumbi, moja volti, moja uhakika wa ile programu ya kunusa, moja ya alama mbalimbali, na ya mwisho ni kihesabuji kinachopanda kila ujumbe, ili ukipokea wa 41 afu wa 44 ujue kuna mbili zimepotea njiani. Hiyo baiti ya mwisho usiiondoe hata ukibanwa vipi.


tumbili_wa_obiti

Niwaharibie sherehe kidogo. Mnasema setilaiti haziwahi, hiyo inabadilika. FireSat, mradi wa setilaiti za kutafuta moto, ule wa Earth Fire Alliance na Muon Space pamoja na Google, ya kwanza imerushwa Machi 2025, lengo lao ni kuona moto wa mita 5 kwa 5, na zikishakuwa 50 na zaidi sehemu zote zitatazamwa kila dakika 20. OroraTech wa Ujerumani nao wana zao zinazunguka tayari. Mkimaliza kupanda ngazi na kufukuza sisimizi mtakuta anga imeshamaliza kazi.


KunguruWaData

@tumbili_wa_obiti nazifurahia kuliko unavyodhani, dakika 20 ikifikiwa ni mapinduzi. Lakini wingu linabaki wingu na moto unaofukuta ndani ya ardhi ya mboji hautoi mwali wa kuonekana. Indonesia 2015 ziliungua hekta milioni 2 na nusu na zaidi, sehemu kubwa ya moshi ule mzito ni mboji inayofukuta chini kwa chini wiki na wiki. Huko pua ya chini haina mbadala. Na faida ya FireSat kwangu ni kwamba inanipunguzia sensa za kufunga katikati ya msitu, nabaki na barabara na nyaya zangu.


FundiMawimbi

Kabla hatujaenda mbali, neno setilaiti limetumika kama kitu kimoja humu na mtu atanunua kitu kibaya. Kuna mitandao ambayo setilaiti zinapasiana, Iridium ziko 66 kwenye kilometa 780, ujumbe unafika kwa sekunde. Na kuna mitandao ya setilaiti ndogo chache, inapita juu yako, inachukua ujumbe, inaubeba tumboni hadi ipite juu ya kituo cha ardhini ndo inaushusha. Rahisi zaidi, modemu inakula umeme kidogo, nzuri sana kwa kina cha mto au kola ya mnyama. Kwa moto uliza swali moja tu, ujumbe mbaya kuliko wote unachukua dakika ngapi kutoka msituni hadi kwenye simu yangu, sio wastani, mbaya kuliko wote. Wakikujibu kwa wastani ondoka.

Na angalia mtandao utaishi. Swarm walikuwa na modemu nzuri ndogo, SpaceX wakawanunua 2021, 2023 wakaacha kuuza vifaa vipya. Mwenye sensa za mti zinazotakiwa kukaa miaka kumi ajue modemu iwe kadi inayochomoka, sio iliyochomelewa kwenye bodi.


zamu_ya_usiku

Nimesoma yote, mimi ndo yule mtu wa mwisho mnayemsema, mwenye gari la maji. Simu inalia saa nane usiku imeandikwa "SENSA 0117 UHAKIKA 87". Nifanye nini na hiyo? Nimekaa nikitazama skrini. 87 ya nini? Iko wapi? Njia ipi? Geti lina kufuli la nani? Mara tatu za kwanza tutaamka tutoke, ya nne hakuna anayevaa buti, na sio uvivu, tukitoka bure upande huu upande wa pili uko wazi.


KunguruWaData

@zamu_ya_usiku kaka asante, bora umekuja. Ujumbe wa kwako haupaswi kuwa ule wa baiti 12, huo ni wa mashine. Sava, ile kompyuta inayopokea jumbe zote, inajua sensa 0117 iko wapi tangu siku ya kufungwa, kwa hiyo kazi yake ni kukuandikia jina la barabara, geti, upepo unaenda wapi sasa hivi, na majirani wa hiyo sensa wanasema nini. Na ngazi ziwe tatu: sensa moja peke yake imelia, usiamshwe, itumwe droni au kamera igeuzwe pale. Mbili jirani zimelia ndani ya dakika kumi na ile ya pili iko upande upepo unakoelekea, hapo unapigiwa simu ya sauti sio meseji. Sensa imelia, joto limepanda, afu imenyamaza na jirani yake naye amenyamaza, hapo toka mbio na waite wenzako, maana mpangilio wa zinavyonyamaza ndo unakuonyesha moto unaelekea wapi.


zamu_ya_usiku

Hiyo ya kunyamaza kwa mpangilio nimeielewa. Ila getiwei ikifa si zote zinanyamaza pamoja, nitatolewa mbio kwa sababu ya fyuzi?


FundiMawimbi

Zote kwa mkupuo ni getiwei. Moja moja kwa kufuatana ni moto. Ila funga getiwei mbili vilima tofauti, kila sensa isikike na zote mbili, afu hilo swali halitakusumbua. @KunguruWaData tupia ramani ya laini ya umeme na barabara ya kule kwako nikuangalizie vilima.


KunguruWaData

Naituma sasa hivi, ina mistari ya mwinuko ya mita 10. @nyigu_mkali na wewe niambie ule wavu wa chuma una matundu ya ukubwa gani.


nyigu_mkali

Milimita moja. Ukipungua hapo unasafisha kila wiki, ukizidi sisimizi wanahamia.